Kutu ya chuma na makala ya mbabula

Mtu akishuka Kalundu, kwenye bandari ya Uvira, huona vyuma vingi: minyororo, mapipa, mabati, matumbo ya meli. Vingi vina rangi nyekundu ya kutu. Watu husema: «Maji yamekula chuma.» Neno hilo ni kweli nusu tu. Basi tulitazame jambo lenyewe, maana lagusa vyombo vyetu, nyumba zetu, hata uzima wetu.

1. Kutu ni nini?

Chuma kimefanywa kwa vipande vidogo sana, ndizo atomu, na kila atomu ina elektroni zake. Chuma kikikutana na maji na hewa pamoja, huachilia elektroni, na oksijeni ya hewa huzipokea. Ndipo chuma, oksijeni na maji huungana kuwa kutu. Kupoteza elektroni kwaitwa oksidasioni. Kuzipokea kwaitwa reduksioni. Hayo mawili hufanyika pamoja sikuzote: hakuna atoaye pasipo apokeaye.

Twaweza kujaribu wenyewe. Tutie msumari safi ndani ya chupa ya maji yaliyochemshwa sana, tumimine mafuta juu yake, tuifunge. Msumari wa pili tuutie katika maji ya kawaida, chupa wazi. Baada ya siku chache wa pili una kutu, wa kwanza hauna, kwa sababu umekosa oksijeni.

2. Ushuhuda wa meli Liemba

Meli hii ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kwa jina la Graf von Götzen. Ililetwa Kigoma vipande vipande, ikaunganishwa huko, ikashushwa ziwani mwaka 1915. Mwezi wa Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, adui asiipate. Lakini kwanza mafundi walipaka mashine zake mafuta mazito. Waingereza waliiinua mwaka 1924, wakakuta mashine zingali zafaa. Mwaka 1927 ikasafiri tena, ikiitwa Liemba. Mafuta yalikuwa yameziba njia ya maji na ya oksijeni.

Mabati ya nyumba hulindwa kwa namna nyingine. Yamepakwa zinki, nayo hutoa elektroni kwa wepesi kuliko chuma. Hata bati likikwaruzwa, zinki huliwa kwanza badala ya chuma. Ikiisha, zamu ya chuma imefika.

3. Kazi ya wahunzi

Wahunzi wa zamani walijua kugeuza njia hiyo. Wafipa, upande wa kusini-mashariki wa Tanganika, walijenga matanuru marefu ya udongo, wakayajaza mawe ya chuma na makala. Mawe hayo ni chuma kilichokwisha kuungana na oksijeni, ndugu ya kutu. Makala yakiungua kwa hewa haba hutoa gesi iitwayo monoksidi ya kaboni. Gesi hiyo huyanyang'anya mawe oksijeni, na chuma hubaki. Mawe yamepata reduksioni; gesi yenyewe imepata oksidasioni.

4. Hatari nyumbani

Gesi iyo hiyo hutoka katika mbabula. Juu ya milima ya Itombwe usiku una baridi kali, na wengine huingiza mbabula chumbani, wakafunga mlango na dirisha. Wanadhani makala mekundu yasiyo na moshi hayana hatari. Sivyo. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Ikivutwa, hushika chuma kilichomo katika damu, mahali pa oksijeni. Kichwa chauma, kizunguzungu chaja, mtu atapika, asinzia, na pengine haamki tena.

Kwa hiyo mbabula ikae nje. Tukimkuta mtu amezimia, tufungue mlango, tumtoe upesi kwenye hewa safi, tumpeleke hospitali. Wakatekista, mnaoingia nyumba kwa nyumba, waambieni watu neno hili kabla ya majira ya baridi.