Panya wa Mwisho Ndiye Mgumu

Kabla watu hawajafika, New Zealand haikuwa na mamalia wa nchi kavu ila popo. Ndege wake wengi wakazoea kutaga chini, na baadhi yao, kiwi akiwemo, wakaacha kabisa kuruka. Baadaye vyombo vya baharini vikaleta panya. Miaka ya 1880 walowezi wakaongeza stoti, mnyama mwembamba wa jamii ya kicheche, awamalize sungura waliokuwa wakila malisho ya kondoo. Sungura wapo hadi leo. Walioumia ni makinda ya kiwi: mpaka yafikishe kilo moja hivi hayawezi kumkabili stoti, na pasipo mitego ni machache mno yanayofika hapo.

Katika rasi ya Miramar, jijini Wellington, wakazi walianza kutega panya kwenye nyua zao: kisanduku cha mbao chenye tundu dogo ili paka asiingie, na ndani chambo cha siagi ya karanga. Wafanyakazi wa Predator Free Wellington, mradi wa kuwamaliza panya na stoti jijini, walipoanza kazi rasmi mwaka 2019, walikuta majirani wamekwisha kuizoea. Hilo lilikuwa na thamani kubwa, maana panya wa mjini anaishi nyuma ya jiko la mtu, na bila ridhaa ya mwenye nyumba humpati.

Wengi hudhani ugumu uko kwenye kuua. Ugumu uko kwenye kujua kama wamekwisha. Ndiyo maana hutegwa pia vijimfereji vya plastiki vyenye karatasi na wino: mnyama akifuata chambo hukanyaga wino, na nyayo zake humsema. Anayesazwa huzaa upesi: panya jike hubeba mimba wiki tatu tu. Stoti ndiye balaa zaidi, kwani jike hupandwa angali mtoto mchanga shimoni, na mimba hukaa kimya hadi mwaka unaofuata. Akihamia peke yake, amehamia na ukoo.

Mwishoni mwa 2023 ilitangazwa kuwa Miramar haina tena panya wala stoti. Kwenye vilima vya magharibi mwa jiji, penye mitego zaidi ya 4,000, kiwi walirudishwa mwaka 2022 baada ya kutoweka kwa zaidi ya karne, na mwaka uliofuata wakaangua.

Zanzibar nayo iliwapunguza sana kunguru wa kigeni mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kampeni ikasimama, kunguru wakarudi. Anayetaka kuanza upya aanze na majirani, na ahakikishe kwanza nani atakagua mitego mwaka wa kumi.