Fahamu: Umeme unavyotenganisha peptidi

Peptidi ni vipande vifupi vya protini, na baadhi yake huchunguzwa kwa uwezo wa kushusha shinikizo la damu. Shida ni kuzipata peke yake. Kichujio cha kawaida hutenganisha kwa ukubwa, na matundu yake huziba upesi. Laurent Bazinet na wenzake wa Université Laval, Québec, Kanada, waliweka utando wa kuchuja kati ya elektrodi mbili. Peptidi zenye chaji chanya huvutwa kwenye elektrodi hasi, zenye chaji hasi huenda upande wa pili, zisizo na chaji hubaki. Uzuri wake hasa ni huu: kubadili pH (kipimo cha uasidi) hubadili chaji, hivyo peptidi ileile yaweza kupitishwa au kuzuiwa. Mwaka 2006 walichapisha matokeo ya kutenganisha peptidi za beta-laktoglobulini, protini iliyomo katika maji yanayobaki baada ya kutengeneza jibini.