Maranda au Unga? Kuchagua na Kunoa Mnyororo wa Msumeno

Msafiri atokaye Makambako kwenda Njombe huona kando ya barabara mashamba ya misindano, mikaratusi na miwati, na penye uwazi malundo ya magogo na mbao zilizopangwa zikauke. Upandaji miti katika nyanda hizi si jambo la jana. Kampuni ya miwati ilianzishwa Njombe mwaka 1949, nia yake ikiwa kupata magome yenye tanini ya kutengenezea ngozi. Baadaye misindano na mikaratusi ilienea, kwanza katika mashamba makubwa, kisha katika mashamba ya wakulima wadogo. Makambako, ambapo reli ya TAZARA hukutana na barabara kuu iendayo Mbeya na Zambia, ikawa mahali pa kukusanyia na kusafirishia mazao ya misitu.

Katika mashamba hayo sauti isikikayo zaidi wakati wa mavuno ni ya msumeno wa mnyororo, ambao watu wengi huuita chensoo. Asikilizaye kwa makini atatambua kwamba sauti hizo si za namna moja. Msumeno mmoja huingia ndani ya gogo kwa mvumo usiobadilika, na chini yake hurundikana maranda, yaani vipande vyembamba vya mti. Mwingine hulia kwa ukali, hutoa moshi, na kinachoanguka chini ni unga. Mkataji wa msumeno huu wa pili huonekana ameinama akiukandamiza kwa uzito wa mwili wake. Huenda misumeno hiyo miwili ni ya aina moja, yenye injini za nguvu sawa na petroli ile ile. Tofauti imo katika vipande vya chuma visivyozidi ukubwa wa ukucha.

Mnyororo umefanywa kwa pingili za namna tatu zilizounganishwa kwa pini. Ziko pingili za kuendeshea, ambazo ncha zake hupita katika mfereji wa ubapa wa chuma unaouongoza mnyororo. Ziko za kuunganishia. Na ziko za kukatia, zinazopangwa kwa zamu, moja ya kulia na moja ya kushoto. Pingili ya kukatia ina sehemu mbili. Nyuma ni jino lenyewe, lenye bapa la juu na ubavu vinavyokutana kwenye pembe. Mbele yake ni nundu ndogo ya chuma isiyo na makali. Ubavu hukata nyuzi za mti, kisha bapa la juu huzibandua kutoka chini ya mfuo. Nundu haikati chochote. Kazi yake ni kutangulia ikigusa mti na kuliwekea jino kikomo, lisiingie ndani zaidi ya kiasi chake. Katika minyororo mingi iliyo kazini nundu huwa chini ya makali ya jino kwa milimita 0.65 hivi, unene ambao hauzidi karatasi chache za daftari zilizowekwa pamoja.

Mwanafunzi aliyewahi kuingia karakana ya useremala ataona mara moja kwamba hii ni randa. Kisu cha randa hutokeza kidogo tu chini ya uso wake. Kikitokeza mno, randa hukwama na kurukaruka. Kisipotokeza, huteleza juu ya ubao bila kuchukua kitu. Kila jino la mnyororo ni randa ndogo, na nundu ndiyo uso wa randa hiyo.

Umbo hili halikuwapo tangu mwanzo. Minyororo ya awali ilikuwa na meno yaliyofanana na ya msumeno wa mkono, ambayo yalikwaruza mti na kuhitaji kunolewa mara kwa mara. Mwaka 1946 mkata miti mmoja wa jimbo la Oregon, Marekani, aitwaye Joseph Cox, alimwangalia buu wa mdudu atoboaye miti akila njia yake ndani ya kisiki, akienda sawasawa kwa kufuata nyuzi na kwa kuzikatiza. Taya za buu huyo zilikuwa zimepinda na kukata kwa zamu, kulia na kushoto. Cox aliliiga umbo hilo kwa chuma, na mwaka uliofuata akaanza kuuza mnyororo wake. Karibu minyororo yote inayotumika leo ni ya ukoo huo.

Kasi ya kazi yenyewe yafaa kupigiwa hesabu darasani. Tuseme mnyororo una hatua ya inchi 3/8, yaani milimita 9.525, na gurudumu linaloukokota lina meno 7. Kila jino la gurudumu huvuta urefu wa hatua mbili. Kwa hiyo mzunguko mmoja husogeza mnyororo milimita 133 hivi. Gurudumu likizunguka mara 9,000 kwa dakika, yaani mara 150 kwa sekunde, mnyororo huenda mita 20 kwa sekunde, ambazo ni kilomita 72 kwa saa. Mnyororo wenye pingili 72 za kuendeshea una urefu wa mita 1.37 na meno 36. Basi katika sekunde moja meno zaidi ya 500 hupita mahali pamoja. Kosa dogo katika jino, likirudiwa mara 500 kwa sekunde, si dogo tena.

Kabla ya kunoa, hapana budi kuwa na mnyororo ufaao. Mnunuzi katika duka la vipuri la Njombe mjini huulizwa urefu wa ubapa, naye mara nyingi hudhani hilo latosha. Halitoshi. Vipimo ni vitatu, na vyote sharti vilingane na mashine. Cha kwanza ni hatua, ambayo hupatikana kwa kupima umbali kati ya pini tatu zinazofuatana, kisha kuugawa kwa mbili. Hatua za kawaida ni inchi 0.325, 3/8 na 0.404. Cha pili ni unene wa ncha za pingili za kuendeshea, ambao huwa milimita 1.3, 1.5 au 1.6. Ncha nyembamba kuliko mfereji wake huyumba na kukata mshazari. Iliyo nene haiingii kabisa. Cha tatu ni idadi ya pingili za kuendeshea, ambazo huhesabiwa moja moja. Kwa kawaida vipimo hivi huchapwa kwenye ubapa wenyewe, karibu na mahali ufungwapo.

Baada ya hapo huja uchaguzi wa umbo la pembe ya jino, na hapa mazingira ya Njombe yana neno lake. Jino lenye pembe ya mraba hukata upesi sana katika mti safi, lakini ncha yake hupotea haraka. Jino lenye pembe iliyoviringika kidogo huenda polepole zaidi, ila hudumu na makali yake. Magogo mengi katika sehemu hizi hukokotwa juu ya udongo mwekundu, na wakati wa kiangazi upepo wa Makambako hurusha vumbi ambalo hujishindilia katika magome. Vumbi hilo huwa na chembe za mchanga. Mchanga mwingi ni madini ya kwatsi, ambayo katika kipimo cha Mohs yana ugumu wa 7, zaidi ya ugumu wa chuma cha jino. Kugusa ardhi kwa nukta moja tu kwatosha kuharibu kazi ya kunoa ya nusu saa. Kwa mkataji wa kawaida wa shamba dogo, basi, pembe iliyoviringika ndiyo ya busara, hata kama muuzaji anausifu mnyororo ule mwingine kwa kasi yake.

Kunoa kwahitaji tupa ya mviringo yenye kipenyo kinachofaa. Mnyororo wa hatua ya inchi 0.325 hunolewa kwa tupa ya milimita 4.8; wa inchi 3/8 kwa tupa ya milimita 5.2 au 5.5, kadiri ya agizo la mtengenezaji. Wa inchi 0.404 kwa milimita 5.5. Tupa nyembamba mno huchimba chini ya makali na kuyaacha membamba kama wembe, yakavunjika upesi. Iliyo nene huyaacha yameinuka, yakasukuma badala ya kukata. Tupa hushikwa hivi kwamba karibu moja ya tano ya kipenyo chake huonekana juu ya bapa la jino.

Injini huzimwa kwanza, na ubapa hubanwa kwenye jiliwa, au katika mkato uliofanywa juu ya kisiki kama kazi ni ya shambani. Tupa husukumwa kutoka ndani ya jino kwenda nje, kwa pembe ya digrii 30 hivi kwa kazi ya kukatiza gogo, na huinuliwa wakati wa kurudi, kwa maana haikati inaporudi bali hujilia meno yake yenyewe. Meno yote ya upande mmoja hunolewa kwanza, kisha ya upande wa pili, na kila jino hupewa idadi ile ile ya misukumo. Meno ya kulia yakiwa marefu kuliko ya kushoto, mkato utapinda kama upinde, na mkataji atalaumu ubapa bila kosa. Mwalimu mwenye kalipa ya vernia na mnyororo mkuukuu anaweza kuwapa wanafunzi kazi ya kupima meno yote na kulinganisha pande mbili.

Sasa ipo hatua ambayo hurukwa na wengi, na matokeo yake ni mabaya kuliko ya kosa jingine lolote. Bapa la juu la jino halikulala sawa, linainamia nyuma. Kwa hiyo kila tupa inapolifupisha, makali hushuka. Nundu haikuguswa, nayo imebaki palepale. Baada ya kunoa mara kadhaa tofauti ya milimita 0.65 hupungua ikawa 0.4, kisha 0.2. Jino ni kali kabisa kwa kidole, lakini haliwezi kuufikia mti. Msumeno hutoa unga, na mwenyewe husema kwamba mnyororo ni wa bandia.

Dawa yake ni kuishusha nundu kwa tupa bapa, kwa kutumia kipimo cha chuma kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, kisha kuviringisha ukingo wake wa mbele. Baadhi ya mafundi, wakiona kwamba nundu iliyoshushwa huongeza kasi, huishusha kwa kukadiria kwa macho, tena kupita kiasi. Jino lisilo na kikomo hujitupa ndani ya mti. Likifanya hivyo kwenye ncha ya juu ya ubapa, mnyororo hunasa, na nguvu yote ya injini huurudisha msumeno juu na nyuma, kuelekea uso na shingo ya aushikaye, kwa muda mfupi kuliko mtu awezavyo kujihami. Jino butu nalo lina hatari yake: aukandamizaye msumeno kwa nguvu hupoteza mizani yake mkato unapofika mwisho na kizuizi kutoweka ghafula.

Wako wanaotumia jiwe la kunolea la umeme. Ni la haraka, lakini lahitaji mkono mwepesi. Chuma cha jino kikipata joto la nyuzi 300 hivi hugeuka rangi kuwa bluu, ishara kwamba ugumu kiliopewa kiwandani umelegea, na makali yake hayatadumu.

Yote yaliyosemwa kuhusu maranda na unga yahusu kukatiza gogo. Kupasua mbao ni jambo jingine. Mti ni kama tita la mianzi iliyofungwa pamoja: kulikata tita kwa kukatiza si sawa na kulipasua kwa urefu. Msumeno unaopasua ukianzia kwenye kichwa cha gogo hukutana na miisho ya nyuzi, nao hutoa vipande vidogo sana hata ukiwa mkali. Kwa kazi hiyo pembe ya kunoa hupunguzwa kutoka digrii 30 hadi 10 hivi, na ubao hutoka laini zaidi, ijapokuwa kazi huenda polepole.

Hata hivyo, upasuaji wa namna hii una gharama ambayo haionekani mpaka ipigiwe hesabu. Mfuo wa mnyororo huwa na upana wa milimita 8 hivi. Gogo likipitishwa mikato 9, milimita 72 zimegeuka takataka. Msumeno wa utepe wenye mfuo wa milimita 3 ungekula milimita 27 tu. Tofauti ya milimita 45 ni zaidi ya ubao mmoja wa inchi moja, uliopotea katika kila gogo la mkulima aliyeungoja mti wake kwa miaka kumi na zaidi.

Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu moja ya tano kuliko ya pwani. Injini iliyorekebishwa Dar es Salaam hupata petroli nyingi kuliko hewa ya kuichoma, ikadhoofika. Yafaa irekebishwe upya kabla ya mnyororo kushutumiwa. Asubuhi za baridi za Juni na Julai mafuta ya mnyororo huwa mazito na hufika kwenye ubapa kwa shida. Oili chafu iliyomwagwa kutoka katika magari haifai kuchukua nafasi yake, kwa kuwa imebeba chembe za chuma zinazosaga pini, na kinachorushwa kutoka kwenye mnyororo huishia katika udongo wa shamba. Aliyekata miwati asishangae akiona mnyororo na vidole vyake vimekuwa vyeusi: tanini imekutana na chuma. Mnyororo husuguliwa kwa brashi na mafuta ya taa, hukaushwa, kisha hupakwa oili safi.

Nyuma ya kila jino mtengenezaji huchora mstari mdogo. Makali yakiufikia, mnyororo umekwisha, kwa kuwa jino lililobaki ni dogo na laweza kukatika likiwa katika mwendo. Wakati huo huo gurudumu la kuukokota hutazamwa: likiwa limelika kwa kina cha nusu milimita hivi, nalo hubadilishwa, la sivyo hatua yake haitalingana na ya mnyororo mpya, na pini za mnyororo huo zitaanza kulegea mapema.