Raketi ku miguu, macho ku saa: namna watu wanapanda milima ya theluji ya New Hampshire

Picha inafika ku WhatsApp ya familia, Goma, Bukavu, Beni ao Uvira. Kijana wa nyumbani amesimama juu ya mlima mweupe. Nyuma yake hakuna mti, hakuna nyumba. Miguuni amevaa vitu vipana kama raketi za tenisi. Mama anauliza: "Huko ni wapi? Na ile ku miguu ni nini?" Wengine wanacheka, wengine wanaingiwa na woga.

Kuuliza ni vizuri. Miji ya Manchester na Concord, katika jimbo la New Hampshire, na mji wa Portland, katika jimbo jirani la Maine, imepokea Wakongo wengi, na kati yao wamo waliotoka mashariki ya inchi. Kutoka miji hiyo hadi kwenye milima inayoitwa White Mountains, yaani Milima Myeupe, ni mwendo wa gari wa masaa kama mawili. Vijana wanaalikwa na wenzao wa kazi ao wa shule: "Twende tupande mlima siku ya posho." Wengi wanaalikwa katika mwezi wa tatu ao wa nne, wakati jua limeanza kurudi na baridi kali inaanza kuachia. Huo ndio wakati mzuri wa kupanda. Ndio pia wakati mlima unadanganya watu.

Mlima wa kimo cha Ziwa Kivu

Mtu wa Kivu akisikia urefu wa milima hiyo, anaweza kuidharau. Mount Washington, ulio mrefu kuliko yote huko, una mita 1.917. Hiyo ni karibu kimo cha Kibati, pale wapandaji wa Nyiragongo wanaanzia safari yao. Mount Eisenhower, mmoja wa ile inayopandwa sana, una karibu mita 1.450: kilele chake kiko karibu sawa na uso wa maji ya Ziwa Kivu.

Sasa, juu ya nini kule kuna theluji inayozidi kimo cha mtu, na Goma hakuna hata punje?

Jibu liko kwenye jua. Kwetu, karibu na mstari wa ekweta, jua linapita karibu na utosi mwaka muzima. Baridi yetu inatokana na kupanda juu: kila mita 1.000 unazopanda, joto linashuka kwa digrii kama 6. Ndiyo maana Karisimbi, wenye mita 4.507, unapata weupe siku fulani kisha unayeyuka, na barafu ya kudumu inapatikana tu juu kabisa ya Rwenzori, karibu na kilele cha Margherita chenye mita 5.109. Hata hiyo barafu inapungua mwaka kwa mwaka; mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa nyingi kuliko ile inayoonekana leo.

New Hampshire iko mbali na ekweta, kwenye digrii 44 za kaskazini. Mwezi wa kumi na mbili jua linapita chini, upande mmoja wa anga, na mchana unakuwa wa masaa 9 tu. Theluji inayoanguka haiyeyuki. Ile ya juma hili inalala juu ya ile ya juma lililopita. Juu ya Mount Washington inaanguka karibu mita 7 kwa mwaka. Inapofika tarehe 20 ya mwezi wa tatu, usiku na mchana vinalingana na watu wa mjini wanaanza kuvua makoti. Lakini ndani ya msitu wa mlimani, theluji ndiyo iko nyingi kabisa. Alama za njia zilizopakwa kwenye miti, ambazo wakati wa joto ziko usawa wa macho, zinaweza kuwa zimefunikwa.

Raketi inafanya kazi gani

Mtu mwenye kilo 70, pamoja na mfuko wa kilo 10 mgongoni, anaweka kilo 80 juu ya soli moja kila anapoinua mguu mwingine. Soli ya bottes ina karibu sentimita 300 za mraba. Theluji laini haiwezi kubeba uzito huo mahali padogo hivyo: mguu unazama mpaka gotini, wakati mwingine mpaka kwenye paja. Raketi ya theluji, yenye urefu wa sentimita 60 na upana wa 20, inatawanya kilo zilezile mahali panapopita soli mara nne. Ni akili ileile ya kutupa ubao juu ya matope mbele ya nyumba wakati wa mvua. Uzito haupungui, ila unagawanyika.

Wazungu hawakugundua kitu hicho. Wenyeji wa kwanza wa Amerika ya Kaskazini, kama Waabenaki wa eneo hilo la New Hampshire, walikuwa wakikunja mbao ya mti laini na kusuka ndani yake kamba za ngozi ya mnyama, ili waweze kuwinda na kusafiri wakati wa baridi. Raketi za leo zinatengenezwa kwa aluminiamu ao plastiki ngumu. Chini zina meno ya chuma ya kushika barafu, na kisigino kinaachwa huru ili mtu atembee karibu kama kawaida. Anatanua miguu kidogo asijikanyage, na anashika fimbo mbili kwa kujisawazisha. Kurudi kinyumenyume haiwezekani vizuri: mkia wa raketi unachoma theluji na mtu anaanguka.

Asiyevaa raketi anajiumiza na anaumiza wengine. Mashimo anayoacha yanaganda usiku, na kesho yake mwingine anavunjikia mguu humo. Katika milima mirefu ya Adirondack, jimbo la New York, hiyo ni sheria kabisa: theluji ikifika sentimita 20, kila mpandaji lazima avae raketi ao ski.

Theluji ina masaa yake

Njia moja inayofuatwa sana inaitwa Crawford Path. Ilifunguliwa mwaka wa 1819, na inahesabiwa kuwa njia ya zamani kuliko zote za kupanda mlima zinazotumiwa bado Marekani. Inaanzia bondeni, inapita ndani ya msitu, na baada ya kilomita 5 hivi inafika Mount Pierce, wenye mita 1.314. Mwenye nguvu anaendelea ku mgongo wa mlima mpaka Mount Eisenhower. Kwenda na kurudi ni karibu kilomita 15. Kwa mtu aliyezoea kutembea Masisi ao Walungu, kilomita 15 si kitu. Lakini theluji ya mwezi wa tatu na wa nne haipimwi kwa kilomita tu, inapimwa pia kwa masaa.

Usiku inaganda. Saa kumi na mbili ya asubuhi iko ngumu kama simenti, na mtu anapita juu yake bila shida, wakati mwingine kwa minyororo yenye meno tu chini ya viatu. Ikifika saa sita ya mchana, jua limeipiga, inalegea kama bukari iliyotiwa maji mengi. Njia ileile iliyobeba mtu asubuhi inamwangusha mchana. Katikati, pale wengi walipokanyaga, panabaki mstari mwembamba mgumu. Ukikosea hatua moja pembeni, unazama.

Kuna mitego miwili ambayo mgeni haioni. Wa kwanza ni miti midogo ya msonobari iliyofunikwa. Matawi yake yanazuia theluji isijaze chini, na panabaki shimo tupu. Mtu akitoka njiani anaweza kuingia humo mpaka kifuani, raketi zikanaswa na matawi, na bila mwenzake kutoka ni kazi ngumu. Mtego wa pili ni mito. Asubuhi kijito kinavukwa juu ya daraja la theluji. Mchana theluji ya juu inayeyuka, maji yanaongezeka, na daraja linaliwa kutoka chini. Mtu anarudi jioni na kukuta pale alipopita asubuhi hapapitiki tena.

Ndiyo maana wazoefu wanaanza kupanda gizani, taa ikiwa kichwani. Wanataka kugeuka kabla theluji haijalegea.

Kinachoua ni maji na upepo

Wengi wetu tunafikiri kwamba baridi kali ya chini ya sifuri ndiyo ya kuogopwa. Baridi kavu, mtu akiwa na nguo nzuri, inavumilika. Baridi yenye maji ni mbaya zaidi. Mpandaji anatoa jasho akipanda, theluji laini inaingia viatuni, labda mvua inaanguka joto likiwa digrii 3 ao 4. Kisha anatoka msituni na kufika mgongoni mwa mlima, mahali miti inaishia, na upepo unampokea. Kwenye digrii 10 chini ya sifuri, upepo wa kilomita 60 kwa saa unafanya ngozi isikie kama digrii 23 chini ya sifuri.

Na upepo wa huko si wa mchezo. Tarehe 12 ya mwezi wa nne mwaka wa 1934, watu wa kituo cha hali ya hewa juu ya Mount Washington walipima upepo wa kilomita 372 kwa saa. Ilikuwa rekodi ya dunia mpaka ilipopitwa na kimbunga cha Australia mwaka wa 1996. Tuangalie tarehe: mwezi wa nne, wakati ambapo bondeni watu wanasema baridi imeisha.

Nguo ya kwanza inayosaliti ni ya pamba. Jeans na t-shirt zinanyonya maji, hazikauki, na zinavuta joto la mwili. Sufu na nguo za nyuzi za kiwandani zinalinda hata zikiwa na unyevu. Mwili ukianza kushindwa, dalili zinaonekana na mwenzake kabla ya mwenyewe: anatetemeka, vidole vinashindwa kufunga zipu, maneno yanakuwa mazito kama ya mlevi, anajikwaa. Mbaya zaidi ni pale kutetemeka kunaisha na yeye bado hajapata joto. Hapo mwili umechoka kupigana. Ni kumvua nguo zenye maji, kumvalisha kavu, kumkinga na upepo, kumpa kitu cha moto chenye sukari kama bado anameza vizuri, na kuomba msaada bila kungoja.

Tangu mwaka wa 1849, watu zaidi ya 150 wamekufa kwenye Mount Washington na milima inayouzunguka. Baadhi yao hawakuwa wajinga wala wazembe. Walikuwa karibu na kilele, na waliona vibaya kugeuka.

Kugeuka si aibu

Katika New Hampshire, kazi ya kuokoa watu milimani inaongozwa na idara ya serikali inayosimamia samaki na wanyama wa pori, pamoja na watu wanaojitolea. Kumbeba mtu mmoja aliyevunjika mguu juu ya theluji kunaomba watu wengi na masaa mengi, na wao pia wanahatarisha maisha yao. Kwa hiyo sheria ya jimbo inaruhusu kumdai gharama mtu aliyejiingiza hatarini kwa uzembe. Tangu mwaka wa 2015 kuna pia kadi ya hiari, iliyoanza kwa dola 25 kwa mwaka, ambayo inachangia mfuko wa uokoaji na kumpunguzia mwenye nayo hofu ya deni. Lakini kadi haizuii upepo.

Wazoefu wanaweka saa ya kugeuka kabla ya kutoka nyumbani. Ikifika, wanageuka hata kama kilele kinaonekana pale mbele. Ukungu ukishuka juu ya theluji, ardhi na anga vinakuwa rangi moja, na mirundo ya mawe inayoonyesha njia inapotea machoni. Hapo hata mwenye nguvu za simba hajui mbele ni wapi na nyuma ni wapi.

Kwa hiyo mtoto wa nyumbani akisema anaenda mlimani mwezi wa tatu, familia haina haja ya kumkataza. Kupanda kunafurahisha, kunatia nguvu mwilini, na kunamfungulia marafiki katika inchi ambako wageni wengi wanateseka kwa upweke wa miezi ya baridi. Mzazi amuulize maneno manne tu, hata kwa simu ya usiku: Unaenda na nani anayejua njia? Ndani ya mfuko umeweka nguo kavu zisizo za pamba, taa na chakula? Nani anajua njia mnayopita na saa mnayopaswa kurudi? Na mmepanga kugeuka saa ngapi?

Akiwa na jibu la hayo yote manne, aende. Kama la mwisho hana jibu, amwambie tu kwa upole: "Mwanangu, mulima hautakimbia. Utaukuta palepale juma lingine."