Kutazama Televisheni ya Nyumbani Ukiwa Safarini, na Hukumu ya Kufuturu kwa Adhana Yake



Sifa zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na Sahaba zake wote.

Tumeletewa suala na mama mmoja wa Unguja kwa niaba ya mwanawe. Kijana alikwenda Mwanza kikazi katika mwezi wa Ramadhani, akakaa huko wiki tatu. King'amuzi kiko nyumbani Unguja na baba ndiye anayekilipia. Kijana akaweka programu ya kampuni hiyo katika simu yake, akaingia kwa namba na neno la siri la baba yake, akawa anatazama televisheni ya nyumbani kama yuko ukumbini kwao. Kila jioni huiweka simu juu ya meza pamoja na tende na maji, akangojea adhana ya Magharibi ya Zanzibar. Ikilia tu anafuturu, anasali, kisha anampigia mama yake simu wazungumze huku wote wanakula. Siku ya tisa jirani akamkuta ana kikombe mkononi, akamwambia: "Vipi mwenzetu, leo hukufunga? Jua si hilo?"

Mama anauliza mambo mawili. Kwanza, je, kutumia king'amuzi cha baba kutoka mbali kuna ubaya? Pili, funga ya mwanawe imesihi?

La kwanza ni jepesi, tulimalize. Msafiri kutazama stesheni ya kwao kwa njia ya intaneti ni jambo la mubaha katika asili yake, na hukumu ya anachokitazama ni ileile awe Mwanza au awe Mwembeladu. Kilicho haramu kukitazama ukumbini ni haramu kwenye simu. Linalobaki ni haki za watu. Stesheni ikirusha matangazo yake bure katika intaneti, tazama. Ikiwa ni kwa malipo, basi kuna mkataba baina ya baba na kampuni, na Allah katika aya ya kwanza ya Surat Al-Maida ametuamrisha kutimiza mikataba. Ukikubali masharti yanayosema vifaa viwili, ni viwili. Wengi wetu tunabonyeza neno la kukubali bila ya kusoma hata mstari mmoja, kisha tunadhani hatukuahidi kitu. Kumpa mwanao neno la siri kwa idhini yako na ndani ya masharti hakuna tatizo. Kumpa mwanao, shemegi yake na baraza zima la jirani zake, wakati mkataba hauruhusu, ni kula haki ya mtu.

Wapo pia wanaonunua visanduku vinavyofungua mamia ya stesheni za kulipia kwa pesa kidogo, au wanaotumia programu za kuficha nchi waliyomo ili waone mpira usioruhusiwa kuoneshwa huko. Haki za kuonesha mpira huuzwa nchi kwa nchi; aliyenunua haki ya Tanzania hakununua ya Oman. Ndiyo maana msafiri akifika ng'ambo hukuta baadhi ya stesheni zimefungwa. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Kuwait mwaka 1988 lilipitisha, katika azimio lake namba 43, kwamba haki kama za utunzi, uvumbuzi na jina la biashara ni mali yenye thamani inayohifadhiwa na sharia, na haijuzu kuzivamia. Kwa hiyo asitudanganye mtu kuwa picha ni hewa na hewa haiibiwi.

Kuna jambo jengine dogo la kifamilia. Zamani kidogo walikuwapo watu waliofunga kifaa nyuma ya king'amuzi cha nyumbani, kikawa kinachukua picha na kuipeleka kwa intaneti ya nyumba mpaka kwa msafiri. Kimoja mashuhuri kiliitwa Slingbox, na huduma yake ilifungwa mwezi wa Novemba 2022. Vifaa vya namna hiyo bado vipo. Vina adabu yake, kwa sababu king'amuzi ni kimoja: msafiri akibadilisha stesheni huko aliko, na ukumbini inabadilika. Bibi amekaa anasikiliza darsa yake, mara anaona mpira. Na bando linaloliwa ni la nyumbani. Lazima walioko nyumbani wawe radhi.

Sasa la pili, ambalo ndilo lililonifanya niandike makala badala ya kujibu kwa mistari miwili. Nimegundua kuwa si kijana huyu peke yake. Simu imetuzoesha kuwa mahali popote ni nyumbani, na adhana ya nyumbani moyo unaipenda. Lakini ibada hufuata pale mwili ulipo. Katika aya ya 187 ya Surat Al-Baqara Allah ametutaka tutimize funga mpaka usiku, na Mtume (S.A.W.), katika hadithi ya Umar (R.A.) iliyomo katika Bukhari na Muslim, ameufunga wakati wa kufuturu na usiku kuingia upande wa mashariki, mchana kuondoka upande wa magharibi, na jua kuchwa. Adhana ni khabari tu ya jambo hilo. Muadhini wa Zanzibar anatoa khabari ya jua la Zanzibar.

Tuangalie hesabu, maana hapa ndipo watu wanapoteleza. Dunia huzunguka nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi moja kwa dakika 4. Mji wa Zanzibar uko kiasi cha nyuzi 39 mashariki, na Mwanza iko karibu nyuzi 33. Tofauti ni nyuzi sita na kitu, nayo ni kama dakika 25. Saa za ukutani ni moja, Tanzania nzima tunatumia saa moja, ndiyo maana kijana hakushuku chochote. Saa ya ukutani waliipanga watu kwa maslahi yao, na jua halikuulizwa. Adhana inapolia Unguja saa 12:30 jioni, jua la Mwanza bado liko juu, na mtu wa Kigoma ana karibu dakika 40 mbele yake. Hata baina ya Unguja na Pemba ipo tofauti ya dakika mbili hivi, na Pemba ndiyo inayotangulia kuchwewa.

Kwa hiyo kijana amekula mchana siku tisa. Madhambi hana inshaallah, kwa kuwa alidhani wakati umeingia. Funga je? Bukhari amepokea kutoka kwa Asmaa binti Abi Bakr (R.A.) kuwa zama za Mtume (S.A.W.) watu walifuturu siku ya mawingu kisha jua likatokeza. Mpokezi wa hadithi, Hisham, alipoulizwa kama waliamrishwa kulipa, jibu lake lilikuwa kwamba hapana budi ya kulipa. Huo ndio msimamo wa maimamu wengi, na ndio madhehebu ya Imam Shafi tunayoyafuata visiwani. Wapo wanavyuoni waliosema halipi, miongoni mwao Ibn Taymiyya, nasi tunawaheshimu, lakini fatwa yetu ni kuwa atalipa siku tisa, siku kwa siku, bila ya kafara. Na siku ile jirani alipomzindua ilimpasa atue kikombe na ajizuie mpaka jua lichwe. Asiseme pia kuwa alikuwa msafiri na msafiri ana ruhusa. Aliyenuia kukaa mahali wiki tatu, kwetu sisi si msafiri tena, na hata msafiri aliyefungua hulipa.

Mama hakuuliza kuhusu sala, nami naogopa ndiyo kubwa zaidi. Magharibi zile tisa zilisaliwa kabla ya wakati, na kama aliamkia adhana ya Unguja, basi na Alfajiri pia. Sala kabla ya wakati wake haisihi. Hapa kuna wepesi ambao wengi hawaujui. Wanavyuoni wa Kishafi wamenukuu fatwa ya Al-Barizi, aliyeulizwa juu ya mtu aliyekuwa akidhani alfajiri imeingia na akasali kabla ya wakati kwa miaka 20. Akajibu kuwa analipa sala moja tu, kwa sababu sala ya kila siku inahesabiwa kuwa ni kadha ya siku iliyotangulia. Kijana wetu basi atalipa Magharibi moja, na Alfajiri moja ikiwa aliisali kwa adhana hiyo. Funga haina mlango huo, kwani siku ya Ramadhani haipokei funga nyengine isipokuwa ya siku ile yenyewe.

Anayekwenda mashariki mambo humgeukia. Maskati iko kiasi cha nyuzi 58, hivyo katika mwezi wa Machi jua huchwa huko kama saa moja na robo kabla ya kuchwa Unguja. Mgeni anayengojea adhana ya kwao atakuwa amechelewesha futari na kuacha sunna ya kuharakisha, lakini funga yake ni salama. Khatari iko kwenye daku. Alfajiri ya Maskati nayo imemtangulia kwa kiasi hicho hicho, na yeye bado anakunywa chai kwa kuwa televisheni ya Unguja haijaadhini. Huyo amekula mchana kila siku, na pengine hatajua mpaka arudi. Wafanyabiashara wetu wanaokwenda Guangzhou tofauti yao ni karibu saa tano, na huko mtu hawezi kukosea kwa urahisi. Jua lenyewe litamkatalia. Ni vile vile kwa aliyeko London: mwezi wa Machi adhana yetu ya Magharibi inamfikia kama saa 9:30 alasiri, na jua liko wazi. Wanaokosea zaidi ni wale wa tofauti ndogo, dakika 20 au saa moja.

Na mwezi? Msafiri husikia katika simu kuwa Ofisi ya Mufti imetangaza kuandama kwa mwezi, na alipo yeye watu wanafunga, au kinyume chake. Katika Sahihi Muslim imo khabari ya Kurayb, aliyetumwa Shamu na Ummul Fadhl. Huko mwezi ulionekana usiku wa Ijumaa, akafunga nao. Aliporudi Madina akamkuta Ibn Abbas (R.A.) na watu wa huko wameuona usiku wa Jumamosi, na Ibn Abbas akakataa kufuata mwandamo wa Shamu, akisema hivyo ndivyo Mtume (S.A.W.) alivyowaamrisha. Kwa madhehebu yetu, aliyefika nchi ya mbali yenye mwandamo wake huungana na watu wake. Akiwakuta wanasali Idi naye amefunga siku 28, atasali Idi nao kisha alipe siku moja. Akiwakuta bado wanafunga, atafunga nao ijapokuwa amekwisha timiza 30. Takbira za kwao azisikilize kwa furaha, wala asifungue kwa ajili yake.

Ama kusali Tarawehe nyuma ya imamu wa Makka au wa msikiti wa mtaani kwao kupitia simu, sala hiyo haisihi, kwa sababu imamu na maamuma hawakukusanywa na mahali pamoja. Atazame akipenda, asikilize kisomo, kisha asimame asali mwenyewe au aende msikitini.

Mama amwambie mwanawe aingie msikiti ulio karibu naye achukue ratiba ya nyakati za Mwanza, au aiweke programu ya nyakati za sala kwenye simu hiyo hiyo na aruhusu itambue mji alipo. Nimeona simu za watu wengi bado zimeandikwa Zanzibar nao wako Muscat miezi miwili. Na ile simu ya jioni kwa mama yake asiikate. Ampigie dakika 25 baadaye, atamkuta bado yuko mkekani.

Wallahu a'lam.