Kanisa la Dore na Suala Letu la Wakfu



Nilipowaambia wahariri wa kitabu chetu kwamba mwaka huu nitaandika habari za kanisa, mmoja wao alinicheka: "Mwalimu, misikiti imekwisha?" Haikwisha, alhamdulillahi. Lakini nawaomba mnivumilie mpaka mwisho, kwani kanisa hili limenikumbusha jambo letu wenyewe, lile tuliloliacha katikati kwenye mkutano wa jamaa mwaka jana, sauti zikiwa juu.

Kanisa lenyewe liko Dore, katika jimbo la Herefordshire, karibu na mpaka wa Wales. Binti yangu alinipeleka kwa gari pamoja na mjukuu wangu wa miaka tisa. Njia ni nyembamba, kondoo kulia na kushoto, wala huoni mji. Mahali hapo huitwa Bonde la Dhahabu, na jina hilo, wasemavyo wengi, limezaliwa na kosa la masikio. Watu wa Wales huyaita maji "dŵr". Wanormani waliokuja na Kifaransa chao wakasikia "d'or", yaani "ya dhahabu". Nimesomesha lugha maisha yangu yote, na kosa kama hili hunifurahisha.

Mwaka 1147 bwana mmoja wa nchi ile, Robert wa Ewyas, aliwapa ardhi watawa waliotoka Morimond, Ufaransa. Walikuwa wa shirika la Wasistersiani, watu walioikimbia miji makusudi. Sheria yao ilikataa mapambo, ilikataa sanamu na vioo vya rangi, ilikataa hata minara ya mawe, na ikamtaka mtawa afanye kazi kwa mikono yake. Mimi niliyelelewa chuoni, nikafundishwa kuwa mahali pa ibada hapataki picha za kumshughulisha mtu, nilijikuta nawaelewa. Umasikini wao, hata hivyo, haukudumu. Walifuga kondoo, na katika karne ya 14 mfanyabiashara wa Florence, Francesco Pegolotti, aliitaja sufu ya Dore miongoni mwa zilizouzwa kwa bei kubwa kabisa Uingereza.

Jengo ni la mawe ya mchanga ya pale pale. Walianza kulijenga katika karne ya 12, na mwanzoni mwa karne ya 13 wakairefusha sehemu ya mashariki. Hapo ndipo penye uzuri wake. Nyuma ya madhabahu kuna ukumbi mpana usio mrefu, umekatwa kwa safu za nguzo nyembamba zilizofungamana kama mafungu ya makuti, na matao yake yamechongoka juu. Nilisimama pale muda mrefu mpaka binti yangu akaja kunitazama kama ni mzima. Mwanga unaingia kwa madirisha membamba, na kila ukisogea hatua moja nguzo zinajipanga upya machoni.

Mwaka 1536 Mfalme Henry wa Nane alizifunga nyumba ndogo za watawa nchini, na Dore ikawa mojawapo. Watawa wakatolewa, na mali ikaangukia kwa John Scudamore, mmoja wa maofisa waliokuwa wakiikusanya kwa niaba ya mfalme. Kwa karibu miaka mia moja jengo likaachwa likaporomoka. Ukumbi mrefu wa upande wa magharibi ulikwisha kabisa. Leo umebaki kipande cha ukuta na tao, nje, katikati ya majani.

Kisha akaja kizazi kingine cha Scudamore, naye pia John. Huyu alikuwa rafiki wa William Laud, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Canterbury tangu 1633. Inasimuliwa kuwa watoto wake walikuwa wakifa wangali wachanga, akaingiwa na hofu: je, si kwa sababu amekalia mali iliyotolewa kwa ajili ya Mungu? Sisi tunalo neno la mali ya namna hiyo, na kila mmoja wetu alilisikia kwa babu yake kabla hajajua kusoma.

Kati ya 1632 na 1634 akalitengeneza. Jiwe la madhabahu lilipatikana shambani, linatumika kutia nyama chumvi na kutengenezea jibini. Likarudishwa mahali pake, na liko mpaka leo, bamba moja refu juu ya nguzo fupi. Paa la mawe lilikuwa limeanguka, basi fundi seremala John Abel akaweka dari ya mbao, na ile sitara ya mwaloni iliyochongwa, yenye nembo za mfalme, za Scudamore na za Laud, nayo inasemekana ni kazi yake. Wakajenga na mnara, wakatia vioo vya rangi. Wale watawa wa kwanza wangalikasirika sana! Lakini kilichokwisha kuanguka hawakukijenga. Waliziba ukuta pale palipobaki pazima, wakaswali hapo. Na kanisa lingali likitumika.

Mjukuu wangu aliuliza: "Babu, hili ni gofu?" Nikamwambia atoke nje akaliangalie lile tao peke yake majanini, kisha arudi aniambie.

Sasa nalirudia letu. Msikiti mdogo wa wazee wetu kule nyumbani paa limeanguka, na fedha tulizochanga ziko. Baadhi yenu mnataka ubomolewe wote, ujengwe mkubwa wa ghorofa. Mimi nilinyamaza siku ile. Leo nasema: ukuta wa kibla ni mzima, na mihirabu ni nzima. Msikiti wa Kizimkazi una maandishi ya mwaka 1107, miaka arobaini kabla ya Dore, na jengo lake lilijengwa upya katika karne ya 18 bila ya kuutupa ukuta ule. Wazee wa Kizimkazi hawakuwa na fedha nyingi kutushinda.

Naomba tupeleke fundi wa chokaa akautazame kwanza kabla ya mtu yeyote kushika sururu. Gharama ya safari yake nitatoa mimi nusu. Wenye kukubali na wenye kupinga waniandikie kabla ya mkutano wa Agosti.