Pikipiki Inayogoma Ikiwa ya Moto

Asubuhi inawaka kwa kiki moja. Inakwenda na abiria wawili kutoka Migori mjini hadi Osiri Matanda, machimbo ya dhahabu yaliyo upande wa Macalder, vumbi likiifuata njia nzima. Dereva anazima ili apokee nauli, na hapo ndipo balaa linapoanza: anapiga kiki mpaka mguu unamuuma, injini haitoi hata mlio. Anaisukuma kivulini, anakunywa soda. Akirudi inawaka papo hapo.

Wenye Honda CG125 za zamani wanaujua ugonjwa huu. Honda iliitoa pikipiki hiyo mwaka 1976 kwa ajili ya nchi ambako huduma ya mara kwa mara ni shida. Valvu zake zinasukumwa na fito badala ya kuendeshwa kwa kemu na cheni juu ya injini. Muundo huo umenakiliwa sana China, na bodaboda nyingi za leo ni wajukuu zake. Kwa hiyo anayeielewa CG kongwe hatapotea kwenye hizo mpya.

Kosa kubwa ni kumpelekea fundi pikipiki iliyokwisha kupoa. Atabadilisha plagi, ataosha kabureta, itawaka, atalipwa. Jioni inagoma tena. Hitilafu ya joto hutafutwa joto likiwepo, pale pale ilipozimikia.

Kwanza ifunguliwe plagi, kwa kitambaa, maana inachoma. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yamezidi au cheche haipo. Ikiwa kavu, mafuta hayafiki: huenda tundu dogo la kupitisha hewa kwenye kifuniko cha tangi limezibwa na vumbi. Kifuniko kikilegezwa na injini ikawaka, kazi imekwisha bila kununua chochote.

Mafuta yakizidi, choki izimwe, aksilereta ifunguliwe yote, kisha kiki. Injini inapozimwa, joto la silinda hupanda hadi kwenye kabureta, petroli ikatoa mvuke au ikavuja ndani.

Cheche ndiyo yenye hila zaidi. Waya mwembamba ndani ya koili umepakwa utando wa kuzuia umeme. Utando ukichakaa, joto huulegeza na umeme ukapotelea humo humo. Kondensa kuukuu nayo hukata tamaa kwa namna hiyo kwenye CG za mwanzo zinazotumia pointi, na pointi zenyewe huungua zikawa nyeusi. Mafundi wana mbinu rahisi: kitambaa kilicholoweshwa maji baridi hufungwa kwenye koili chini ya tangi. Isipowaka, kinahamishiwa kwenye kabureta. Ilikowaka ndiko kwenye ugonjwa. Maji yasimwagwe kwenye silinda yenye moto, inaweza kupasuka. Na plagi ikijaribiwa cheche, iwekwe mbali na tundu lake, kwani mvuke wa petroli unaotoka humo hulipuka.

Cheche ikiwa ya buluu na petroli ipo, lakini kiki inashuka laini bila ukinzani, ni valvu. Tapeti zikibana mno, valvu haifungi sawasawa injini ikipata joto na mgandamizo unatoroka. Kipimo hiki pekee ndicho kinachosubiri asubuhi: CG125 huhitaji nafasi ya milimita 0.08, na hupimwa injini ikiwa baridi kabisa.